Pampu ya shambani, wiki ya tatu: kumbe waya

Haya, leo maji yametoka. Wiki ya tatu hii tangu nianze kuvuta umeme toka nyumbani mpaka kisimani kule chini shambani, na wiki mbili zote nilikuwa nailaumu pampu bure.

Ilivyokuwa, pampu ni ya kilowati 1.1, kibao chake kinasema ampea 8, fundi akaniambia weka tu waya wa 2.5 (unene wa shaba yake, milimita za mraba) huo unabeba ampea 20 na zaidi, nikaona sawa, tukachimba mtaro tukafukia. Nawasha, inanguruma mmmm haizunguki, nisipozima haraka breka inakata. Nikabadili kapasita, kile kifaa cha kuisaidia mota kuanza, wapi. Nikaifungua, inazunguka laini tu kwa mkono. Nikapima umeme kisimani volti 222, nyumbani 222, nikasema basi waya mzima, mota ndo imekufa.

Kumbe nimepima pampu ikiwa imezimwa! Waya usiopitisha ampea haupotezi volti. Jumamosi nikamweka dogo kwenye swichi nyumbani mi nimeshika mita kisimani, akawasha, ikadondoka mpaka 140 na kitu. Pampu ikianza inataka mara nne tano ya zile ampea za kwenye kibao, sa hapo itaamkaje.

Usiku nikakaa na kalkuleta. Jedwali la nyaya za shaba linatoa milivolti kwa kila ampea kwa kila mita: 2.5 ni 18, ya 4 ni 11, ya 6 ni 7.3, ya 10 ni 4.4. Kwenda na kurudi vimeshahesabiwa humo, usizidishe tena mara mbili kama mimi nikajikuta naulizia bei ya 10. Umbali wangu mita 130 (kwa macho nilisema 100, nikasahau tumeuzunguka mwembe). Sa 18 × 8 × 130 gawa kwa 1000 ni volti 18.7, asilimia 8 ya zile 230 za kawaida zimeishia njiani, na hapo ni pampu ikishachanganya, kuanza bado. Ya 4 inapoteza 11.4 na kikomo cha asilimia 5 ni 11.5, inapita kwenye tundu la sindano, ila huku kwetu jioni umeme unashuka wenyewe mpaka 205 kwa hiyo sikuitaka. Ya 6 ni 7.6. Nikachukua ya 6, bei sitaji mama watoto asije akasoma.

Shida ikawa kuuingiza kwenye boksi la pampu, matundu madogo, nikafunga boksi lingine nje nikamalizia na kipande cha 2.5 cha nusu mita, hicho hakina neno. Leo pampu ikipiga maji nyumbani 219, kisimani 212. Zimepotea 7, pungufu kidogo ya hesabu, maana jedwali linachukulia waya una joto la nyuzi 70 na wangu umelala kwenye udongo wa baridi.

Ule wa 2.5 tuliofukua unaenda kwenye banda la kuku, taa tatu za LED hazifikishi hata nusu ampea. Mtaro wa huko haujachimbwa, dogo anasema mgongo unamuuma.