Barua za miaka kumi na miwili ndani ya faili moja

Aprili 2014 nilitoka Mbeya mjini, nikapita Uyole na Kiwira, nikafika Tukuyu mvua ikinyesha kama kawaida ya mwezi ule. Ndani ya begi kulikuwa na flashi ya GB 8, bisibisi, daftari, na adapta ya kuunganisha diski za zamani za IDE kwenye USB. Ofisi ilikuwa ndogo, ya wakulima wa chai. Tarehe 8 mwezi ule Microsoft ilikuwa imeacha kuitolea Windows XP marekebisho ya usalama, kwa hiyo walinunua kompyuta mpya yenye Windows 7 na Outlook 2010, programu ya barua pepe. Kilichobaki ni kuhamisha barua pepe.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu mama wa ofisi ile.

"Marahaba, mwanangu. Humo ndani kuna barua za wakulima tangu 2002. Bei, mikataba, malalamiko, vyote. Sina karatasi ya pili."

Hakuwa na karatasi ya pili, na hata seva haikuwa na nakala. Akaunti yao ilikuwa ya POP3: programu inazichukua barua kutoka kwenye seva, na baada ya hapo seva inazifuta, isipokuwa mtu ameweka alama ya kuacha nakala. Hakuna aliyewahi kuiweka. Kila kitu kilikuwa katika faili moja, outlook.pst, kwenye diski ya GB 40 ndani ya kompyuta ya Pentium III.

Kwanza kabisa nilichomoa waya wa mtandao nyuma ya ile mashine ya zamani. Wengi huiruka hatua hii, halafu mashine mbili zinachota barua kwenye akaunti moja: ya asubuhi inaingia huku, ya mchana kule, na mwezi unaisha kabla mtu hajagundua kwamba nusu ya barua hajaziona. Kisha nikafungua kila folda, nikaiagiza ionyeshe idadi ya vitu vyote badala ya vile visivyosomwa tu, nikaandika idadi kwenye daftari. Zilikuwa folda thelathini na moja. Inachosha, lakini bila hesabu hiyo utajuaje kwamba kazi imekamilika?

Faili lenyewe lilikuwa ndani ya Documents and Settings, kisha jina la mtumiaji, Local Settings, Application Data, Microsoft, Outlook. Local Settings imefichwa, hivyo lazima kwanza uiruhusu Windows ionyeshe vilivyofichwa. Nikatazama ukubwa: GB 1.93.

Hapo moyo ulishtuka. Faili lilianzia kwenye Outlook 2000, na ofisi ilipoweka Outlook 2003 liliendelea kutumika vilevile. Outlook 2003 ilikuja na muundo mpya wa Unicode unaobeba GB 20, ila faili la muundo wa zamani halibadiliki lenyewe. Ukomo wake unabaki GB 2. Likifika hapo hukataa kupokea, au huharibika. Ukitaka kujua lako ni la aina gani, fungua sifa za folda kuu, nenda sehemu ya mambo ya ziada, usome mstari wa muundo. La kwetu liliandikwa 97-2002. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya wiki chache, pengine siku, maana wanunuzi walikuwa wakituma picha kubwa kila siku.

Nikafunga Outlook na kubonyeza nakili. Windows ikakataa: faili linatumika. Dirisha la Outlook likifungwa, programu yenyewe huweza kubaki hai chinichini. Nikaingia kwenye kidhibiti kazi, nikasubiri OUTLOOK.EXE itoweke kwenye orodha, nikaanza upya. Mlango wa USB wa mashine ile ulikuwa wa toleo 1.1, ambao kwa vitendo hupitisha kama MB 1 tu kwa sekunde. GB 1.93 kwa mwendo huo ni zaidi ya nusu saa.

Dakika ya ishirini umeme ukakatika. UPS, yaani betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, haikuwepo.

Mama alinyamaza kabisa. Nilimweleza kwa nini barua zake zilikuwa salama: Outlook ilikuwa imefungwa, na faili la asili lilikuwa likisomwa tu, haliandikwi. Kilichoharibika ni nakala ya kwenye flashi. Ndiyo sababu naandika hapa kwa msisitizo: nakili, usikate na kuhamisha. (Flashi nyingi huwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Letu lilipona kwa udogo wake, lakini la mwenzako laweza kugoma hata kama flashi ni tupu.)

Umeme uliporudi sikuirudia flashi. Nilifungua ubavu wa mashine, nikachomoa diski, nikaiunganisha kwa adapta kwenye kompyuta mpya. Diski hizi za inchi 3.5 zinataka umeme wake mwenyewe, kwa hiyo adapta iwe na chaja yake; na kile kipini kidogo nyuma ya diski kiwe kwenye nafasi ya diski kuu. Windows 7 ilikataa kufungua folda ya mtumiaji hadi nilipothibitisha kuchukua ruhusa kama msimamizi. Baada ya hapo kunakili hakukufika dakika tatu. Nililiweka faili kwenye diski ya ndani. Kulifungua kutoka kwenye flashi au folda ya mtandaoni ni kuliweka hatarini kila waya unapotikisika.

Kabla ya kulifungua nililipitisha kwenye scanpst.exe, kifaa cha ukarabati kilicho ndani ya folda ya Office14. Kilikuta makosa. Nikaacha alama ya kutengeneza nakala ya akiba, kikarekebisha, nikakirudia tena na tena. Mara ya tatu hakikuona kosa.

Kosa ambalo lingefuata ni kulifanya faili hilo kuwa faili kuu la Outlook 2010. Lingefanya kazi, na ukomo wa GB 2 ungekuja nalo. Badala yake nilitengeneza faili jipya, ambalo huku huzaliwa na muundo wa Unicode, nikaingiza la zamani ndani yake nikichagua vitu vinavyojirudia visiingizwe. Kisha nikalinganisha na daftari. Folda thelathini zililingana. Moja ilipungukiwa barua tatu. Nilizikuta kwenye folda ambayo scanpst huitengeneza kwa vitu vilivyopotea njia.

Nywila ya akaunti haimo ndani ya pst, na hapakuwa na aliyeikumbuka, kwani programu ilikuwa ikiijaza yenyewe miaka yote. Simu moja kwa waliohifadhi akaunti ikaleta mpya. Saini zipo kwenye folda yake ya Signatures, zinanakiliwa tu.

Mama alikaa kitini, akatafuta barua ya mnunuzi ya mwaka 2005. Haikuonekana. "Umezipoteza, mwanangu?" Nilimwonyesha hali ya faharasa ya utafutaji: vitu elfu kadhaa vilikuwa bado havijaorodheshwa. Barua ilikuwepo, ila kitafutaji kilikuwa hakijaifikia. Tulikunywa chai, saa mbili zikapita, akatafuta tena, ikatokea.

Akaanza kuandika barua mpya, akabonyeza herufi moja kwenye nafasi ya mpokeaji. Kimya. Zamani ile herufi ilimletea majina ya watu ambao wengine hawakuwahi kuandikwa kwenye kitabu cha anwani. Orodha hiyo hukaa katika faili lake, outlook.NK2, na kwenye kompyuta mpya Outlook 2010 hailichukui bila kuagizwa. Nililitoa kwenye diski ya zamani, nikaliweka ndani ya AppData, Roaming, Microsoft, Outlook, nikalipa jina lilelile la wasifu wa Outlook, maana lisipofanana halisomwi. Nikafunga programu, nikaifungua mara moja kwa amri outlook.exe /importnk2.

Mama akabonyeza ile herufi tena. Majina yakashuka, la kwanza likiwa la mnunuzi wa Dar es Salaam aliyekuwa akisubiri jibu tangu asubuhi. Nilirudisha waya wa mtandao, kwenye mashine mpya tu. Diski ya zamani tuliifunga kwenye bahasha, tukaandika tarehe, ikawekwa kabatini.