Siku Moja Maishani Mwangu: Bosi Aliponigombeza Mbele za Watu

Saa 2:00 asubuhi. Kikao cha Jumatatu. Salamu hazijaisha, bosi ananigeukia: "Ripoti ya mauzo imechelewa kwa sababu yako. Kazi unaifanyia mzaha." Wenzangu ghafla wote wana shughuli kwenye simu zao. Ripoti ilitakiwa Alhamisi, ni kweli, lakini takwimu za tawi zimenifikia Ijumaa mchana. Ulimi unaniwasha. Nasema tu, "Nimekusikia, bosi. Naomba tuzungumze leo, mimi na wewe."

Saa 3:10. Narudi mezani. Vidole vinatetemeka mpaka nywila inakataa. Jirani yangu ananong'ona, "Mpe vidonge vyake huyo." Mwingine: "Nyamaza, bosi ni bosi." Wananipenda wote wawili, ila ushauri wao siutaki.

Saa 3:30. Naandika barua pepe ndefu, sehemu ya mpokeaji nimeiacha tupu kwa sababu najijua. Imejaa "kila siku" na "hujawahi", na hata ya mwaka jana nimeyafukua. Nikiisoma naona nimejibu ile sauti ya ukali. Tuhuma yenyewe sijaigusa. Nafuta yote.

Saa 4:15. Hapa ndipo kazi ilipo. Bosi amesema mambo mawili. Kuchelewa kunapimika, mzaha ni maoni yake. Nafukua barua pepe za wiki iliyopita na kuandika kwenye karatasi:

Jumatatu: niliomba takwimu.
Jumatano: nilikumbusha tawi, nakala kwa bosi.
Ijumaa saa 8:40 mchana: takwimu ziliingia.
Ijumaa saa 11:05 jioni: ripoti ilitoka.

Hakuna "eti", hakuna "kwa makusudi". Tarehe tupu. Nikiongeza neno moja la uchungu, tutabishana juu ya neno hilo hadi jioni.

Saa 7:00 mchana. Nakula. Mada mezani ni mimi, kwa hiyo nakula haraka.

Saa 8:20 mchana. Ofisini kwake. Namwekea karatasi.

"Hii ya Jumatano sikuiona."

"Ilikuja kwako pia, bosi."

Anafungua kompyuta, anatafuta, anaikuta. Kimya. Halafu anageuza kibao: "Sasa si ungenipigia simu?"

Ningeweza kukasirika hapo. Lakini mtu anapohamia kosa jipya, la kwanza ameshaliachia. "Sawa, nitapiga. Na tawi likichelewa tena, nani alibane?"

"Mimi."

"La mzaha, naomba unitajie kazi niliyoifanyia mzaha."

Anakuna kidevu. "Nilikuwa na hasira. Makao makuu walinibana tangu alfajiri."

Namwelewa. Lakini yeye alibanwa kwenye simu, mimi mbele ya idara nzima. Namwomba asahihishe hilo mbele ya watu walewale. "Tutaona," anasema.

Saa 9:30 alasiri. Namwandikia mistari mitatu: asante kwa muda wako; takwimu zisipofika Jumatano nitakupigia, nawe utalibana tawi; je, suala la leo liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho? Maneno ya mdomo hayana tarehe, barua pepe inayo.

Saa 10:50 jioni. Jibu: "Sawa kuhusu tawi." La ajenda amelipita kama hajaliona. Kesho asubuhi nitamuuliza tena.