Jina langu limetoka kinyumenyume

Wiki hii niko Johannesburg, Artist Proof Studio, karakana ya uchapaji wa sanaa iliyoanzishwa 1991 na Kim Berman na marehemu Nhlanhla Xaba. Nilidhani naleta mchoro tu, kazi ya kuchapa ni ya wengine. Thubutu! Fundi mchapaji kanikabidhi kitambaa cha shashi, nikafuta wino uliozidi kwenye bamba la shaba lenye mchoro wangu hadi kiganja kikawa cheusi tii. Karatasi yenye unyevu juu yake, kisha blanketi, tukazungusha gurudumu la mashine. Kuinua karatasi taratibu, moyo unadunda... kumbe jina langu nimelichora kawaida kwenye bamba, na karatasini limetoka kinyumenyume! Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Kesho tunakwangua hiyo kona ya bamba yenye jina. Nakala zitakuwa 15, kila moja na namba yake kwa penseli.