Mjukuu wa Bibi Myahudi, Tabora

Bibi mzaa mama alizaliwa Ujerumani, akafikishwa Nairobi na wazazi wake mwaka 1939, akiwa bado mtoto, na baadaye akaolewa na babu, mfanyakazi wa reli aliyehamishiwa Tabora. Hayo tuliyajua sote. Lililofichwa ni sababu ya safari yenyewe: walikuwa Wayahudi wakiwakimbia Wanazi. Mama alinieleza baada ya matanga ya Bibi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato ya Kiyahudi kuanza, Bibi aliwasha mishumaa miwili ilhali taa ya umeme ilikuwa inawaka, kisha akafunika macho kwa viganja na kunong'ona. Wageni walidhani anajihami na kukatika kwa umeme, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Kwa sheria ya Kiyahudi, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi, hata kama amelelewa katika Uislamu, kama nilivyolelewa mimi kwa upande wa baba. Hapa kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo nimejikuta nikidaiwa na pande mbili, na moja kati ya hizo haijanifundisha hata sala moja. Huwawazia Waabayudaya, wafuasi wa dini ya Kiyahudi wa Mbale, Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919: wao waliishika Torati kwa hiari, wakavumilia marufuku ya Idi Amin, na wengi wao wakapokewa rasmi na marabi mwaka 2002. Mimi nimehesabiwa bila kuomba wala kutaabika, jambo ambalo, kusema kweli, linanitia haya.

Nilisoma pia kwamba Emin Pasha, aliyepandisha bendera ya Wajerumani hapa Tabora mwaka 1890, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Sikuona fahari yoyote; damu peke yake haimfanyi mtu kuwa wa kwetu.

Nimeamua kuanza na Siku ya Upatanisho, kwa kuwa kufunga nakujua. Nilipomweleza shangazi kwamba mfungo huo huanza jioni na kuendelea hadi usiku wa siku ya pili, takribani saa 25 bila chakula wala maji, hakuuliza habari za dini hata kidogo.

"Sasa daku mnakula saa ngapi, mwanangu?"

"Hakuna daku, shangazi."

"Basi hao watu wa bibi yako ni wagumu."