Siku moja na wakaguzi wa sumu ndani ya jengo la zamani, katikati ya Dar

Saa 12:30 asubuhi. Vifaa vinakaguliwa nyuma ya gari kabla foleni haijaanza: barakoa za nusu uso zenye vichujio vya P3 vya kunasa vumbi laini, ovaroli za kutupa, patasi, mifuko ya zipu, tepu, kalamu ya wino usiofutika, na chupa ya kunyunyizia yenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni ni ya lazima, kwa sababu maji matupu huteleza juu ya asbesto, yale madini ya nyuzi yaliyotiwa kwenye vifaa vya ujenzi vya zamani, bila kuingia ndani. Kipima mvuke kinasawazishwa kwa gesi ya isobutilini ya ppm 100, yaani sehemu 100 kwa milioni za hewa. Kikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuingia ghafla kwenye joto la Dar, unyevu hugandia ndani yake kikasoma mvuke ambao haupo. Kiache kwanza kizoee hewa. Na ndevu zinanyolewa, maana barakoa isiyoshika ngozi haimkingi mtu.

Saa 1:30. Jengo ni la ghorofa nne, la miaka ya 1950, mtaa wa nyuma ya Samora. Chini kulikuwa na maduka, juu ofisi, na sasa litageuzwa hoteli. Wengi wakisikia ukaguzi wa mazingira wanadhani tumekuja kuhesabu miti au kuandika faini. Tunachotafuta ni sumu iliyojengewa ndani ya jengo au iliyomwagika chini yake. Ikiachwa bila kuguswa, nyingi hutulia miaka na miaka. Nyundo ndiyo huiamsha.

Kazi ya kwanza ni kuuliza. Majengo mengi ya mitaa hii yalitaifishwa mwaka 1971, yakapita mikono mingi, na michoro ikapotea njiani. Anayejua ni mlinzi wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Safari hii mnatafuta nini?"

Anaeleza kwamba duka la kona lilikuwa la dobi wa suti, yule wa kufua kwa dawa bila maji, na uani palikuwa na mashine ya kupiga chapa. Maneno hayo mawili yanabadilisha mpango mzima. Dawa ya madobi wale, pakloroethilini, ni nzito kuliko maji. Hupenya nyufa za sakafu, huzama hadi chini ya maji yaliyomo ardhini, kisha mvuke wake hupanda kwa miongo mingi na kuingia vyumbani. Herufi za kupigia chapa zamani nazo zilikuwa za risasi, ile metali yenye sumu. Kwa hiyo tunaongeza matundu matatu ya kupima hewa iliyo chini ya zege la duka la kona, na udongo wa uani utapelekwa kupimwa risasi. Udongo wa chini ya msingi tunauandikia pia kipimo cha dieldrini, kwa kuwa zamani majengo yalikingwa mchwa kwa dawa za jamii hiyo.

Saa 3. Mzunguko wa kwanza ni macho na kalamu tu: mabomba ya maji ya mvua ya saruji ya asbesto ukutani nyuma, taa za tyubu zenye zebaki, na choki zake, ambazo zikiwa za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 na hazina maandishi kwamba hazina PCB, kemikali ya sumu iliyotiwa kwenye vifaa vya umeme, tunazihesabu kuwa nayo. Rangi ya kwanza kwenye reli za ngazi ni ile nyekundu ya kuzuia kutu. Kipimo cha eksirei kinasoma zaidi ya miligramu 1 ya risasi kwa sentimita ya mraba, kiwango ambacho Marekani huhesabu kuwa rangi ya risasi. Reli hizi zisipigwe msasa mkavu hata kidogo.

Saa 4 na dakika chache, ghorofa ya pili. Sauti ya grenda inasikika tangu kwenye ngazi.

Makubaliano yaliandikwa wazi kwamba hakuna kuvunja mpaka majibu ya maabara yatoke. Ndani kuna vijana watano. Vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9 vimeng'olewa nusu ya chumba, na mmoja anakwangua gundi nyeusi kwa grenda. Wamejifunga fulana puani. Feni inazunguka, mwingine anafagia kwa fagio la chelewa, na vumbi linatoka dirishani kuelekea uchochoroni, alipo mama lishe na masufuria yake ya wali.

Msimamizi wa mradi anafika baada ya simu tatu. "Jamani, ni vigae tu. Tunaokoa muda. Jengo hili lina miaka sabini, nani amekufa?"

"Bosi, ugonjwa wa vumbi la asbesto huja baada ya miaka 20 hadi 50. Hawa vijana wana miaka ishirini na kitu. Tusimamishe kwanza, tubishane baadaye."

Kwa haki ya vigae vyenyewe, kigae kizima kikiinuliwa kikiwa kimelowa hutoa nyuzi za asbesto kidogo, kwa kuwa zimeshikwa na plastiki. Kosa kubwa hapa ni grenda. Gundi nyeusi ya zama zile mara nyingi ilichanganywa na asbesto, na grenda huisaga ikawa vumbi laini lisiloonekana linaloelea hewani kwa saa nyingi.

Hatua zinakwenda kwa mpangilio. Grenda inazimwa, feni inazimwa, dirisha linafungwa. Mama lishe anaombwa afunike masufuria na kuhamia upande wa pili wa barabara. Chakula kilichokuwa wazi kinalipiwa na mradi na kumwagwa. Hakuna kufagia, hakuna kupuliza kwa kompresa, na hakuna mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, maana hufyonza mbele ikatema nyuzi nyuma. Inayofaa ni yenye kichujio cha HEPA tu, kile kinachonasa vumbi laini kabisa. Vijana wanapanguswa nguo kwa vitambaa vilivyolowa, wanavua, nguo zinaingia mifuko miwili, wanaoga kabla ya kwenda popote. Kifusi kinanyunyiziwa na kufunikwa plastiki, mlango unafungwa kwa tepu. Msimamizi anauliza mara nne kama jioni anaweza kuendelea. Hawezi. Chumba kitasafishwa kwa majimaji, kisha pampu itavuta hewa lita 8 kwa dakika kwa saa nzima, zipite lita 480 kwenye kichujio. Hesabu ikiwa chini ya uzi 0.01 kwa mililita, kipimo cha Waingereza, ndipo mlango utafunguliwa. Saa moja na nusu imekwenda kwa kazi ambayo haikuwa kwenye ratiba.

Kuanzia hapo saa haziangaliwi tena. Ndani ya ovaroli, bila feni, mtu huvumilia kama dakika 25, kisha anatoka: anajipangusa, anaikunja ovaroli kwa ndani nje, barakoa inatoka mwisho, anakunywa maji, anaingia tena.

Kila sampuli ya sakafu ina utaratibu wake. Chagua pembe iliyojificha au iliyokwisha pasuka, tandaza plastiki, nyunyiza, subiri maji yaingie. Patasi inasukumwa polepole, haigongwi. Kipande kiwe cha sentimita tano na kibebe gundi yake chini, kwa kuwa kigae chaweza kuwa safi na gundi ikawa chafu. Maabara huchambua kila tabaka peke yake. Mfuko wa kwanza, pangusa, mfuko wa pili. Ziba tundu. Andika namba kwenye mfuko, sakafuni na kwenye mchoro. Kisha patasi ipanguswe kabla ya sampuli inayofuata, la sivyo namba 12 itabeba nyuzi za namba 11. Kwa dari zilizopakwa plasta ya mikwaruzo tunafuata kanuni ya shule za Marekani: sampuli 3 kwa eneo lisilozidi mita za mraba 93, sampuli 5 hadi 465, na 7 kwa zaidi ya hapo. Kazi ya dari inaua mabega.

Jioni, hesabu. Mchoro una namba 34, mifuko ni 33. Kila mfuko unatolewa na kusomwa upya chini ya tochi. Inayokosekana ni 19: bitana ya breki ya mota ya lifti, juu kabisa. Namba ilitengwa asubuhi, lakini ufunguo wa chumba kile haukupatikana, na hakuna aliyefika. Kwenye ripoti itaandikwa hivyo hivyo, kwamba pahali pasipofikiwa panahesabiwa kuwa na asbesto mpaka pafunguliwe na kupimwa. Tepu nyekundu inapigwa mlangoni, tarehe inaandikwa juu yake, na mlinzi anasaini kwamba ameiona.