Karibu Zanzibar, dada

Hatukwenda popote. Sikukuu ya Mapinduzi imeangukia Jumatatu, siku tatu nzima, na kazini tokea Alkhamisi watu wanaulizana nani Nungwi, nani Paje, nani anavuka Pemba kwa wakwe. Baada ya ile Disemba ya kufunga hesabu mpaka usiku, mie nilitaka usingizi na shokishoki basi. Nikawabeba watoto tukahamia kwa mama, Kikwajuni. Baba Samir akabaki Fuoni na mpira wake.

Jumamosi laasiri nikateremka kwa miguu mpaka Forodhani kupunga upepo, kaskazi inavuma vizuri. Nikasimama mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Sultan, naangalia juu pale ulipokuwa mnara wa saa. Tangu siku ile ya Krismasi ya 2020 lilipoporomoka sehemu, sijawahi kusimama pale nikaangalia kwa kituo. Siku zote napita mbio, mkoba kwapani, nawahi daladala Darajani. Basi shingo imeinuka, mdomo labda wazi, akaja kijana mmoja, papasi, hawa wanaowatembeza wageni mitaani, miwani ya jua kichwani.

"Karibu Zanzibar, dada."

Nikamjibu, "Ahsante."

Hapo ndipo paniumapo. Ahsante ya nini? Mie kitovu changu kimezikwa Kikwajuni! Tokea Jumamosi nikiosha vyombo namjibu upya. Nimekaribia zamani, mwanangu. Karibu wewe. Wewe hujazaliwa, mie naletwa hapa na skuli tumeshikana mikono wawili wawili. Majibu mazuri yote yanakuja mtu keshakwenda.

Naye hakungoja, akaanza. Jumba kalijenga Sultan Barghash, 1883, la mwanzo hapa kutiwa umeme, likatiwa na lifti. Nikatafuta kosa nimsahihishe, walau mwaka. Sikupata. Nikamfuata mpaka Ngome Kongwe (msiniulize kwa nini), akanieleza la kanisa la Wareno lililokuwepo kabla Waomani hawajajenga ngome yao. Lile la kanisa, wallahi, nilikuwa nimelisahau. Mwisho nikatoa elfu tano.

"Umefikia hoteli gani?"

"Kikwajuni."

"Kikwajuni kwa nani?"

Nikamtaja mama, anayeuza malai, zile barafu za kufyonza. Akashika mdomo. "Bibi wa malai? Mie malai zake nazila tokea chekechea!" Akawa ananirudishia pesa, nami naikataa, tunasukumana pale kama tunagombana, wazungu wanatuangalia. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Samahani dada. Ulikuwa unaangalia kama mgeni."

Yaani mama anamjua, friji ya mama anaijua. Mie ndiye asiyenijua.

Jumapili jibu la posa ya kaka likaja kutoka Makunduchi, wamekubali, alhamdulillahi, usiku fataki za Mapinduzi, mtoto mdogo akalia, mkubwa akakataa kulala. Na mie kitandani: kama mgeni. Mgeni anaangaliaje?

Jumatatu asubuhi nikamsimulia mama barazani, tunamenya shokishoki. Alicheka mpaka akavua miwani. "Elfu tano? Kukuonyesha Forodhani?" Akanyamaza, akamenya moja, akaanza tena. Muuza kahawa akapita anagonganisha vikombe, mama akamwita ili amhadithie na yeye. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua, na mimi mwenyewe nishaanza kuinogesha, nikaongeza kwamba nilipiga na picha.

Laasiri nani huyo mlangoni, anagonga na shilingi?

"Shikamoo, dada."

Juzi sikuwa wa shikamoo. Siku mbili nimetayarisha jibu langu, limepangwa, lina na mkato, na kilichotoka ni "Marahaba, unataka za ukwaju au za maziwa?" Mama kwa ndani akapiga kelele asilipe huyo, kanitembezea mwanangu. Kijana akachukua ya ukwaju, akakaa barazani akaifyonza pole pole, akamweleza Samir habari za lifti. Samir aliuliza maswali ambayo mie sikuyafikiria. Nikakaa nao mpaka jua likazama, miguu chini, sikushika simu hata mara moja.

Leo kazini mwanzo wa wiki. Nimefungua kalenda kutafuta tarehe ya mishahara nikaona Rajabu inakwisha, bado Shaabani tu Ramadhani iingie. Nina siku nne za funga ya Ramadhani iliyopita sijazilipa. Nilisema Mfunguo Mosi, mwezi ule ule baada ya Ramadhani, nikasema Mfunguo Tatu, na wiki hii nzima kikao cha kazini kina chakula cha mchana.