Furaha niliyoipata nikimuuguza mama

Wapendwa, mwaka huu umenibana. Figo za mama zimeshindwa kazi, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Duka nimelifunga ili nimuuguze, na akiba ya kikoba yote imeishia kwenye matibabu. Lakini nasema kweli mbele za Mungu: sijawahi kumfurahia Bwana kama sasa.

Si kwamba silii. Nalia sana. Ila nikimsubiri mama kwenye mashine, huwa nafungua Habakuki sura ya 3. Nabii anataja hasara moja baada ya nyingine: mtini hauchanui, mzabibu hauna matunda, mashamba hayatoi chakula, zizi halina ng'ombe. Hafichi kitu. Halafu papo hapo, hali ikiwa vilevile, anasema atamfurahia Bwana. Zamani nilipita hapo haraka haraka. Sasa nakaa hapo saa nzima.

Na Paulo na Sila kule Filipi, Matendo 16! Wamechapwa, miguu imo kwenye mkatale, usiku wa manane wanaimba. Waliimba kabla ya tetemeko lililofungua milango ya gereza, jamani. Mimi tetemeko langu bado, na ninaimba.

Juzi mama, akiwa amechoka kabisa, aliniambia, "Mwanangu, anzisha pambio." Nikaanza kwa sauti ya chini. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaitikia, na binti anayemuuguza baba yake naye akaingia.

Kesho tunakwenda tena. Mniombee. Nawe unayeuguza mtu, niambie, nimtaje katika maombi yangu.